Sungura wa Kufugwa: Umbo, Maradhi na Tiba Yake

Sungura wa kufugwa ni mnyama mdogo anyonyeshaye na mla majani. Asili yake ni sungura-pori wa Hispania na Ureno, aitwaye kitaalamu Oryctolagus cuniculus. Kiswahili kimempa jina moja na mnyama mwingine asiyeweza kuzaa naye. Sungura wa hadithi, yule mjanja anayemshinda fisi kwa maneno, ni wa mbugani, wa jenasi ya Lepus, na kamusi humwita pia kitungule. Mtoto wa kitungule huzaliwa juu ya ardhi tupu, ana manyoya na macho yamefunguka. Mtoto wa sungura wa kufugwa huzaliwa uchi na kipofu, ndani ya kiota kilichotandikwa kwa manyoya ya kifua cha mama. Tofauti hiyo ina uzito kwa anayemtunza. Kitungule ni wa mbuga na jua, ilhali sungura wa kufugwa ni wa shimoni, penye giza na ubaridi, na banda la bati lililoachwa juani humuua saa nane mchana bila ugonjwa wowote.

Wanyama wengine huchanganywa naye kimakosa. Kamendegere, anayeruka usiku kwa miguu miwili katika nyika za Serengeti, ni wa oda ya panya. Pimbi wa kwenye miamba si wa oda hiyo wala ya sungura. Sungura mwenyewe aliwahi kuhesabiwa pamoja na panya hadi mwaka 1912, alipotengewa oda yake, Lagomorpha. Alama inayomtambulisha ni meno: nyuma ya meno mawili makubwa ya mbele ya juu yamejificha mengine mawili madogo, ambayo panya hana.

Mfano wa mahali anapofugwa ni Kata ya Issenye, iliyo katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, magharibi ya Hifadhi ya Serengeti. Mifugo ya heshima huko, kwa Waissenye kama kwa majirani zao Waikoma, Wanata na Wangoreme, ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Sungura huja baadaye, na mara nyingi ni mali ya mtoto wa shule: jozi moja katika kizimba cha mbao nyuma ya jiko, inayolishwa majani aliyoyachuma akirudi darasani. Hali hiyo imeathiri tiba yake. Daktari wa mifugo huitwa kwa ndigana ya ng'ombe, si kwa sungura aliyeacha kula, na sungura hupewa kilichobaki chupani baada ya kutibiwa kuku au mbuzi. Sehemu kubwa ya vifo vyake inatokana na kudhaniwa kuwa kuku mwenye manyoya au mbuzi mdogo, naye si mmoja wala mwingine.

Aina zinazofugwa Afrika Mashariki ni New Zealand mweupe, California mwenye masikio na pua nyeusi, Chinchilla wa kijivu, Flemish Giant mkubwa kuliko wote, na machotara wao, ambao ndio wengi vijijini. Kwa matumizi, sungura hugawanyika kuwa wa nyama, wa mbegu, na wa kupendwa tu. Mkojo na kinyesi chake ni mbolea ya bustani inayothaminiwa, na kwa baadhi ya wafugaji huingiza fedha kabla hata ya nyama.

Meno ya sungura ni 28, na yote hukua maisha yake yote. Ya mbele hurefuka kiasi cha milimita 2 kwa wiki, na kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe wakati wa kutafuna nyasi ngumu. Mifupa yake ni myepesi mno kwa misuli aliyonayo. Sungura akinyanyuliwa kwa masikio, au makalio yakiachwa yakining'inia, hupiga teke moja la nguvu na kujivunja uti wa mgongo. Namna iliyo salama ni mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio.

Mfumo wa mmeng'enyo ndio ufunguo wa maradhi yake karibu yote. Tumbo la sungura haliwezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia kina njia moja tu ya kutoka. Baada ya utumbo mwembamba chakula hufika kwenye kifuko kikubwa, utumbo mpofu, ambamo mabilioni ya bakteria huchachusha nyuzi za majani. Kazi hiyo ng'ombe huifanya tumboni, kabla chakula hakijafika utumbo mwembamba. Sungura huifanya mwishoni mwa utumbo, mahali ambapo virutubisho vingi vingepotea. Kwa sababu hiyo hutoa kinyesi cha namna mbili. Kimoja ni punje kavu za mviringo zinazoonekana chini ya kizimba. Kingine ni laini, kimeshikana kama kichala kidogo cha zabibu na kina utando unaong'aa, nacho sungura hukichukua kwa mdomo moja kwa moja toka kwenye tundu la haja, zaidi usiku na alfajiri, akakimeza bila kutafuna. Humo hupata protini na vitamini B. Mfugaji anayekiona asubuhi na kudhani ni kuhara huanza kutibu mnyama mzima, ingawa kichala kinacholala sakafuni bila kuliwa huweza kuwa dalili ya unene, ya maumivu ya mgongo au ya chakula chenye wanga mwingi.

Sungura mzima ana joto la mwili kati ya nyuzi 38.5 na 40, macho makavu, pua safi, na hula karibu muda wote anapokuwa macho. Akiumwa hujikunja kwenye kona, hufumba macho nusu na kusaga meno kwa maumivu. Hapigi kelele. Mnyama anayeliwa na kila kitu, tangu kicheche hadi tai, huficha udhaifu wake hadi saa za mwisho, na ndiyo maana husemwa kuwa sungura hufa ghafla. Kwa kawaida amekuwa mgonjwa kwa siku mbili, na ushahidi ulikuwa chini ya kizimba: punje zimepungua, zimekuwa ndogo, au hakuna.

Kusimama kwa utumbo ni hali ambapo misuli ya tumbo huacha kusukuma chakula. Husababishwa na upungufu wa nyuzi, kiu, hofu, joto au maumivu ya mahali pengine, kama jino. Gesi hujaa, bakteria wabaya huzaliana, na sungura asiyekula kwa saa 12 hadi 24 tayari yu hatarini. Tiba ni maji, kulishwa uji laini wa majani kwa bomba lisilo na sindano, kupapaswa tumbo taratibu, na dawa ya maumivu kutoka kwa daktari. Hapa pana uvumi ulioenea Afrika Mashariki yote, kwamba sungura hanywi maji kwa sababu anakula majani mabichi. Sungura wa kilo 2 huhitaji takriban mililita 100 hadi 300 kwa siku, na jike anayenyonyesha huhitaji zaidi ya hapo. Katika kiangazi, majani yanapokuwa makavu, uvumi huo huua.

Kuvimba tumbo na kuhara kusiko na vimelea hutokana zaidi na mabadiliko ya ghafla ya chakula: kabichi nyingi, pumba tupu, au majani yaliyochumwa na umande na kurundikwa hadi yakapata joto. Majani yaliyonyauka kwa nusu siku kivulini ni salama zaidi. Mashona nguo, mchunga, matembele na nyasi za kawaida hufaa. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi. Lusina, inayopandwa kwa ajili ya mbuzi, ina kemikali ya mimosini, nayo ikizidi hunyonyoa manyoya. Pumba za mahindi yaliyoota ukungu ni hatari ya namna yake, kwa kuwa sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi yaliyochambuliwa na kutupwa kwa kuwa hayafai kwa ugali hayafai kwa sungura.

Koksidiosisi ndiyo ugonjwa mkuu wa vimelea. Vijidudu vyake, vya jenasi ya Eimeria, ni vya spishi 11 kwa sungura: mmoja, Eimeria stiedae, hushambulia ini, na waliosalia hushambulia utumbo. Wanaofa zaidi ni watoto walioachishwa kunyonya, wa wiki 4 hadi 12. Dalili ni kuhara, pengine kwa damu au ute, tumbo kubwa juu ya mgongo uliokonda, na manyoya yaliyosimama. Baadhi ya wafugaji huamini kwamba ugonjwa huu unaletwa na tabia ya sungura kula kinyesi chake, wakajaribu kumzuia. Dhana hiyo ina kosa. Yai la kimelea linapotoka na kinyesi bado halina uwezo wa kuambukiza. Huhitaji siku 2 hadi 4 za unyevu na hewa ili likomae, na kinyesi laini kinachomezwa papo hapo hakijapata muda huo. Hatari imo katika kinyesi cha juzi kilichoganda kwenye mbao na kwenye bakuli la chakula. Kizimba kinachofagiliwa kila siku huukata mzunguko wa ugonjwa kabla haujakamilika, wala hakuna dawa inayoushinda ufagio huo. Dawa za kuua vijidudu za kawaida, hata ya klorini, haziyaui mayai haya; maji yanayochemka na jua kali ndivyo vinavyoyaua. Kwa tiba hutumika ampuroliamu, dawa za salfa au tolturazuri.

Ini la sungura aliyechinjwa husomeka kama daftari. Vinundu vya njano au vyeupe, vya ukubwa wa punje ya ulezi hadi ya harage, vyenye majimaji mazito kama maziwa ya mgando, ni koksidia wa ini. Vifuko vyenye maji maangavu, ukubwa wa punje ya mchele au njegere, vinavyoning'inia kwenye utando wa matumbo, ni kitu kingine kabisa: ni watoto wa tegu wa mbwa, Taenia pisiformis. Mbwa hutupa mayai kwenye majani, sungura huyala, kisha mbwa hutupiwa matumbo ya sungura na tegu hukua tena. Tegu huyu hamwambukizi binadamu. Mzunguko wake hukatika kwa matumbo kuchemshwa au kufukiwa, na kwa majani kutochumwa mahali mbwa wanapolala.

Ukurutu una aina mbili zinazopaswa kutofautishwa. Wa masikio huletwa na utitiri Psoroptes cuniculi. Sungura hutikisa kichwa, hukuna, na ndani ya sikio hujengeka gamba la kahawia, tabaka juu ya tabaka, mithili ya ukoko wa ugali uliokauka sufuriani. Chini ya gamba hilo nyama ni mbichi, na kulibandua ni ukatili usio na faida, kwani hudondoka lenyewe wiki moja au mbili baada ya tiba. Mafuta ya kula yakidondoshwa sikioni hulilainisha na kuwaziba pumzi baadhi ya wadudu. Wa mwili huletwa na Sarcoptes scabiei. Huanzia puani, midomoni na kwenye kucha, kisha husambaa, na humpa mfugaji muwasho wa muda mikononi. Utitiri wa masikio huishi nje ya mnyama hadi wiki 3, kwa hiyo kumtibu sungura na kuacha kizimba ni nusu ya kazi.

Dawa ya ukurutu ni ivermektini, na hapa vipimo vinadai uangalifu wa mfua dhahabu. Chupa iuzwayo kwa ajili ya ng'ombe ni ya asilimia 1, yaani miligramu 10 katika kila mililita, na mililita 1 hutosha kilo 50 za ng'ombe. Dozi ya sungura, chini ya ngozi, ni miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo, hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Sungura wa kilo 2 hapokei zaidi ya mililita 0.08. Kiasi hicho hakionekani vizuri katika bomba la kuchanjia mbuzi. Katika bomba la insulini la mililita 1, lenye alama 100, ni alama ya 8. Nusu mililita iliyokadiriwa kwa jicho ni zaidi ya mara sita ya dozi hiyo ya juu. Fiproniili, inayopuliziwa mbwa na paka dhidi ya viroboto, ni sumu kwa sungura.

Mafua ya sungura husababishwa mara nyingi na bakteria Pasteurella multocida. Sungura hupiga chafya, pua hutoa usaha mweupe, na kwa kuwa hujipangusa kwa miguu ya mbele, manyoya ya ndani ya miguu hiyo hugandana. Mfugaji mzoefu hukamata mguu kwanza, kisha ndipo hutazama pua, kwa maana pua huenda ikawa imepanguswa dakika moja iliyopita. Bakteria huyo huyo huleta majipu chini ya ngozi, homa ya mapafu na ugonjwa wa sikio la ndani, ambao hukipinda kichwa upande mmoja. Kichwa kupinda kuna sababu nyingine, kimelea cha ubongo na figo kiitwacho Encephalitozoon cuniculi. Kinachoyachochea zaidi mafua hayo ni hewa kali ya mkojo. Banda linalomwasha mtu macho anapoinama limekwisha kuunguza njia ya hewa ya sungura aishiye humo.

Vidonda vya nyayo huwapata wazito waliowekwa juu ya waya. Sungura hana vifumba vya nyayo kama vya mbwa. Ana manyoya tu, na waya huyasugua hadi ngozi. Fito za mianzi zilizolainishwa, au ubao mmoja wa kupumzikia, huondoa tatizo. Choa huonekana kama duara zisizo na manyoya, na humwambukiza binadamu, hasa watoto.

Mimba huchukua siku 30 hadi 32. Mama hunyonyesha mara moja kwa siku, dakika chache tu, kwa kawaida usiku. Asiyejua humwona jike ameketi mbali na watoto mchana kutwa, akamhesabu kuwa amewatelekeza, na kuwashika ovyo. Tumbo la mtoto ndilo shahidi: likiwa limejaa na duara asubuhi, amenyonya. Adui mkubwa wa watoto usiku ni siafu. Ili kuwazuia, miguu ya kizimba huwekwa ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya injini. Kaswende ya sungura, yenye vidonda na magamba kwenye sehemu za siri na pua, huenezwa kwa kupandana. Haimwambukizi binadamu.

Kaswende hiyo hutibiwa kwa penisilini ya sindano, na hapo ndipo penye tofauti inayostahili kukumbukwa kuliko zote katika tiba ya sungura. Penisilini ileile, au ampisilini na amoksisilini, ikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo mpofu, huwaacha Clostridium wakizaliana na kutoa sumu, na sungura hufa kwa kuhara siku chache baadaye. Linkomaisini ni hatari kwa njia yoyote. Kapsuli ya binadamu iliyofunguliwa na kunyunyizwa kwenye maji ya kunywa, kwa nia njema kabisa, imeua sungura wengi waliokusudiwa kuponywa mafua. Enrofloksasini na mchanganyiko wa salfa na traimethoprimu huvumiliwa vizuri, kwa kipimo cha daktari.

Maradhi mawili ya virusi hutajwa zaidi vitabuni. Miksomatosi, yenye asili ya Amerika Kusini, ilienezwa makusudi Australia mwaka 1950 kupunguza sungura-pori. Homa ya sungura ya kutokwa damu iligunduliwa China mwaka 1984. Virusi vya aina ya pili vilijitokeza Ufaransa mwaka 2010, vikaripotiwa Nigeria mwaka 2020, na mwaka 2022 vikaua sungura wa mwituni Afrika Kusini. Aina hii ya pili huwapata pia baadhi ya vitungule, jambo linaloigusa nchi iliyopakana na hifadhi. Sungura kadhaa wakifa kwa siku moja au mbili, damu ikiwatoka puani, taarifa hupelekwa kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

     

Kisheria, utabibu wa wanyama nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, inayotenganisha daktari wa veterinari aliyesajiliwa na wataalamu wasaidizi. Muuza dawa si mmojawapo kwa sababu tu ya kuwa na duka. Uchunguzi wa maabara hufanywa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ambao una kituo Mwanza. Mzoga wa sungura huoza upesi kwa sababu ya utumbo wake uliojaa uchachu, kwa hiyo hupasuliwa kivulini saa hizohizo. Ini, kipande cha pafu na kinyesi huwekwa kila kimoja katika chombo chake, juu ya barafu. Karatasi inayofuatana na sampuli hutaja umri, chakula cha wiki iliyopita, idadi ya waliokufa, na kila dawa iliyotolewa, kwa kuwa bakteria aliyekwisha kupigwa na dawa haoti tena kwenye sahani ya maabara.